Mgonjwa wa Ijumaa

Watu wa Mtaa wa Sikukuu wakimwona Moza siku hizi anasuka, mdomo kaufunga, wanasema anaringa kwa sababu ametoka Ulaya. Anaringa nini! Mwenye saluni ni mimi, anayemjua Moza ni mimi, na kama kuna mtu mwenye haki ya kumkasirikia basi ni mimi. Namkasirikia mpaka leo. Lakini sitakubali mtu aliyepita kununua rasta za buku mbili aniambie Moza anaringa.

Naitwa Najma. Saluni yangu iko kwenye korido ya jengo la Mzee Manubhai, unaingia kati ya duka la vitenge na fundi simu. Viti vinne, kioo kimoja kirefu, na feni inayozunguka ikijisikia. Moza alikuja hapo msichana wa miaka ishirini na moja, katokea Lindi. Mwaka uleule akaja Caroline, Mmakua wa Masasi, mrefu, mcheshi, mkono mwepesi kuliko msusi yeyote niliyewahi kumwajiri. Wakashibana hao wawili, ukimtafuta mmoja unawapata wote. Mama yake Caroline alikuwa anauza korosho za kukaanga nje ya soko na amepanga chumba Ilala. Kila jioni anapita saluni kumchukua binti yake warudi pamoja. Mjane yule, na mtoto wake ni huyohuyo mmoja.

Msimu wa watalii wasichana hawa walikuwa wanavuka kwenda Zanzibar kusuka Wazungu ufukweni. Huko wakakutana na mama mmoja wa Kihispania mwenye duka la nguo za kuogelea kwao, mji mdogo wa pwani kusini mwa Hispania. Akawaambia njooni, kwetu kiangazi kikifika watu wanajaa ufukweni mpaka mchanga hauonekani, na wasusi hakuna. Akawaandikia barua ya mwaliko, wakapata viza ya matembezi ya miezi mitatu. Wakaondoka mwaka elfu mbili kumi na sita. Miezi mitatu ikaisha, wao wakabaki. Nami niliwaambia, msinidanganye, nyie hamrudi.

Mama Caroline alikuwa na kitochi chake kile, betri imefungwa kwa mpira. Wasapu angeitolea wapi? Basi kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, wasichana walipiga kwangu kwa video, na mama anafunga meza yake ya korosho anakuja kukaa kiti cha mwisho, simu yangu kaishika kwa mikono miwili. Tukaijua Hispania tukiwa Kariakoo. Walituonyesha samaki wanaochomekwa kwenye kijiti na kuchomwa ndani ya mtumbwi mkuukuu uliojazwa mchanga, palepale ufukweni, na moto wa kuni. Walituonyesha mji mzima umefunga maduka saa nane mchana, watu wamekwenda kulala. Mama Caroline akauliza, “Na wateja wanakubali?” Mwezi wa nane wanawake wanavaa magauni ya madoadoa yenye marinda mpaka chini, na maua kichwani, mpaka vibibi, wanacheza barabarani wiki nzima.

Kilichomkaa rohoni Mama Caroline kilikuwa siku ya Bikira Maria wa wavuvi, mwezi wa saba. Wavuvi wanaibeba sanamu mabegani, wanaingia nayo baharini na nguo zao, umati unawafuata majini unaimba na kulia. Ingawa yeye Mwanglikana, alijifuta machozi. Na watoto wa watalii walivyokuwa wanasukwa! Caroline alimgeuza mtoto mmoja wa Kijerumani, pua nyekundu kwa jua, kichwani twende kilioni safi kabisa. Tulicheka siku hiyo mpaka mteja wangu akalalamika nimemkaza upande mmoja.

Ambacho hawakutuonyesha ni kukimbia. Kusuka ufukweni kule kumekatazwa na halmashauri, hasa kwa mtu asiye na hati. Askari wa mji wakitokea, unakunja kiti, unabeba mfuko wa shanga, unatimua mbio na mteja kichwa nusu. Kivuli nacho ni cha waliokodi miavuli. Msusi anasimama juani kutwa nzima. Hayo niliyajua miaka sita baadaye, Moza aliponieleza, na ninayosema kuanzia hapa nayasema kwa mdomo wake.

Tarehe kumi na nne Agosti, mwaka elfu mbili kumi na nane, joto lilikuwa kali hata wenyeji wamejifungia ndani. Caroline alikuwa anamsuka msichana wa Kiingereza. Akasema, “Moza, kichwa kinanigonga.” Moza akamwambia malizia huyo tukanywe maji. Hakumalizia. Alianguka huku nywele za yule mtoto bado ziko vidoleni mwake. Wakaja waokoaji wa ufukweni, ikaja gari la wagonjwa, na mtu mmoja mwenye sare akamgeukia Moza akamwuliza, unamjua huyu?

Moza akasema, simjui.

Aliogopa hati. Aliogopa wangemweka kwenye gari moja na mwenzake halafu wamrudishe Bongo siku hiyohiyo. Gari likaondoka. Mama wa yule msichana wa Kiingereza alikuwa bado amesimama, mtoto wake upande mmoja kasukwa, upande mwingine nywele zinapepea. Na Moza, jamani, alivuta kiti akamalizia kile kichwa. Aliponiambia hapo nilitaka kumzaba kibao. Kisha nikajiuliza mimi ningefanya nini, na hasira ikanizidi.

Jioni alikwenda mpaka getini hospitali. Mfanyakazi wa usafi, mwanamke wa Morocco, akaingia kumwulizia. Caroline alikuwa amekata roho njiani.

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu huku msiba haurushwi usoni kwa mtu kama jiwe. Baba yangu alipofariki, mama alikuwa Morogoro. Walimwambia njoo, mzee amelazwa. Aliposhuka kwenye basi akakuta shangazi wanne wanamsubiri, wakamshika mikono huku na huku, wakamkalisha, ndipo akaambiwa. Ndivyo inavyofanyika. Simu inasema anaumwa, basi. Halafu anatafutwa mtu mzima, mtu mzima anakusanya wenzake, wanakwenda watatu au wanne, mmoja anaongea. Moza kalelewa hivyo, Caroline alilelewa hivyo, mimi pia.

Kwa hiyo Moza alinipigia mimi kwanza. Ndiyo, mimi. Simu yangu ilikuwa kwa fundi wa hapo korido, kioo kimepasuka, imezimwa siku ya tatu. Namba nyingine aliyokuwa nayo ni ya kitochi cha Mama Caroline. Akapiga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona leo si Ijumaa?”

“Mama, uko na mtu mzima hapo karibu nimsalimie?”

“Niko peke yangu, nimeshafunga biashara. Sema tu.”

“Caroline anaumwa, mama.”

“Anaumwa sana?”

“Anaumwa sana.”

“Haya, mwanangu. Tutamwombea.”

Moza alikusudia kunipata mimi ndani ya siku mbili, niwakusanye watu, twende Ilala. Lakini simu yangu ilitoka kwa fundi Ijumaa, na alipopiga, aliyeipokea ni Mama Caroline mwenyewe, keshakaa kwenye kiti chake. “Mgonjwa wetu anaendeleaje?” Moza akauona uso wa mama wa rafiki yake kwenye simu yake. Akasema, “Hajambo kidogo.” Hapo ndipo alipopotea.

Nilimwuliza, “Si ungeniandikia? Namba unayo, wasapu unayo, vidole unavyo!” Akasema alikuwa anaandika na kufuta, anaandika na kufuta. Kwa sababu nikishajua amekufa nitauliza wewe ulikuwa wapi. Na jibu lake ni lile, simjui.

Basi mgonjwa akaumwa. Mama alipoomba kuongea naye, Moza akasema ni kiharusi, amepooza mdomo. Alipoomba kumwona, Moza akasema yuko kwenye nyumba ya watawa, simu haziruhusiwi. Ikaja korona, fukwe zikabaki tupu, mgonjwa bado anaumwa. Ijumaa baada ya Ijumaa. Mama anakuja, anakaa, anasema “Mgonjwa wetu?”, Moza anasema “Tunamshukuru Mungu.” Simu ni yangu, bando ni langu, saluni ni yangu, uongo umepita kiganjani mwangu miaka sita! Nilihisi? Nilihisi, nisijitakase. Mgonjwa gani huyo hapigwi hata picha? Lakini nilikausha. Nilijiambia ni mambo ya watu na mtoto wao.

Caroline kule walimzika ukutani. Msishangae, ndiyo desturi ya sehemu ile, makaburi yao ni kuta ndefu zenye vyumba vidogo vya ghorofa nne tano, jeneza linasukumwa ndani kama mkate kwenye tanuri, mdomo unazibwa kwa simenti. Moza alirudi hospitali siku ya pili akalitaja jina, maana kulala hakulala, na padri mmoja wa pale akasimamia maziko. Walikuwa watatu, padri, Moza na yule mwanamke wa Morocco. Kila tarehe mosi Novemba, mji mzima unapokwenda makaburini na maua na ndoo kusafisha wafu wao, Moza naye alikwenda na kitambaa chake. Muislamu wa Lindi, anasugua jiwe la Mwanglikana wa Masasi, katikati ya familia za Kikatoliki. Wakimsalimia anaitikia.

Kwa asiye na wa kumlipia, chumba kile hupewa miaka mitano. Novemba ya mwaka elfu mbili ishirini na tatu Moza akakuta karatasi imebandikwa kwenye jiwe. Muda umeisha. Ndugu wajitokeze ndani ya miezi mitatu, la sivyo mifupa inahamishiwa kwenye shimo la wote. Akakimbia kwa padri. Padri akasema, binti, usilie, kuna watu kanisani watasaidia kumsafirisha mpaka kwao. Kinachotakiwa ni barua moja tu kutoka kwa mzazi, yenye sahihi yake.

Moza akakaa na karatasi ile miezi mitatu. Ijumaa kumi na mbili! Nimezihesabu. Ijumaa kumi na mbili Mama Caroline alikaa kwenye kiti changu akauliza mgonjwa anaendeleaje, na Moza upande wa pili karatasi iko chini ya mto. Angemwomba vipi mama aliyeambiwa mwanawe anaumwa asaini barua ya mifupa? Mwezi wa pili akaenda makaburini akakuta tundu liko wazi, limefagiliwa, jiwe limetolewa.

Baada ya hapo hakukimbia tena. Kiangazi kilichofuata askari walipotokea ufukweni, wenzake wakatawanyika, yeye akaendelea kukaa kwenye kigoda chake. Walimrudisha Oktoba. Aliingia saluni na begi moja, mwembamba, mvi huku na huku, na umri wake hata arobaini haujafika. Nilimkumbatia, nikamtania, nikamwambia sasa utatufundisha Kihispania tuwasuke Wahispania wa hapahapa. Hakucheka.

Ijumaa ikafika. Mama Caroline akaja. Moza akainuka kumsalimia, mama akamshika mkono, akamtazama, akasema taratibu, “Mgonjwa wetu umemwacha na nani?”

Moza akatoka mbio mpaka msalani nyuma ya korido. Nikamfuata nikamkuta amekaa chini. Nikafunga mlango nikamwambia, leo utasema, ama utatoka hapa umebebwa. Akasema yote, chini pale kwenye sakafu yenye maji, kuanzia jua mpaka tundu. Nililia. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia, nikalia tena. Niliporudi saluni Mama Caroline alikuwa keshaondoka. Kiti amekirudisha mahali pake.

Nikasema hapa tutafanya kama inavyotakiwa, hata kama tumechelewa. Nilimtafuta Benjamini, fundi seremala wa Ilala, mdogo wa marehemu baba yake Caroline. Nikamweleza. Mzee wa watu akaweka randa chini, akakaa juu ya mbao zake. Jumapili, baada ya ibada ya kwanza, tukaenda watatu, Benjamini, mimi na Moza, sisi wanawake tumejifunga kanga.

Mama Caroline alifungua mlango. Alitutazama mmoja mmoja. Kisha, kabla hatujafungua kinywa, akageuka akatandika mkeka, akasogeza meza ukutani, akakaa chini na kunyoosha miguu.

“Haya,” akasema. “Semeni sasa.”

Benjamini akakohoa. “Shemeji, yule mgonjwa wetu ametutoka.”

“Najua. Huyu alipouliza kama niko na mtu mzima, nikajua.”

Mimi na mdomo wangu huu, sikuweza kujizuia. “Ulijua? Mama Caroline, miaka sita umekaa kwenye kiti changu unaulizia mgonjwa, na ulikuwa unajua?”

“Ningefanyaje, Najma? Nitamke mwenyewe mwanangu amekufa, na hakuna aliyeniambia? Si uchuro huo? Na kama yu hai je? Ziko siku nilikuwa naamini kabisa kwamba anaumwa, namwombea apone. Siku nyingine najua. Nikawa nangoja mje. Kila nikimwuliza huyu habari za mgonjwa, nilikuwa namfungulia mlango aseme. Hakusema. Nikaona pengine yeye ndiye hawezi, nikaendelea kumwuliza asije akadhani nimemchukia.”

Moza alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, analia mabega yanaruka. Mama akamwekea mkono mgongoni.

“Nyamaza kwanza. Niambie amelala wapi. Benjamini aliniwekea nafasi Masasi bila kuniuliza ya nani, ubavuni kwa baba yake, mwaka wa sita huu tunapalilia. Hata mifupa tu ingetosha. Amelala wapi?”

Moza akainuka akakaa. Akamweleza ukuta. Akamweleza jiwe na tarehe mosi Novemba. Akafika kwenye karatasi akasimama, nikamfinya, akaendelea. Padri. Barua. Miezi mitatu. Shimo la wote, ambamo hakuna anayeweza tena kusema huu ni wa Caroline na huu ni wa nani.

“Walitaka sahihi yangu?”

“Ndiyo, mama.”

“Sahihi tu?”

“Ndiyo, mama.”

“Mimi najua kusaini,” akasema. “Nilifika darasa la saba.”

Benjamini akatoka nje. Nilimsikia anapenga kamasi dirishani. Mama Caroline alikaa anaikodolea macho mikono yake, kisha akamvuta Moza karibu na kumwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, “Usiniombe msamaha. Mimi sikuuliza kama amekufa, wewe hukusema. Tumemtupa wote wawili, kwa adabu zetu.”

Ndipo akapiga ukelele. Sijawahi kusikia ukelele kama ule na misiba nimekwenda mingi. Ulitoka miguuni. Moza akaudaka, nami nikaudaka, na nje milango ikaanza kufunguliwa. Majirani wakaja wanavua viatu, mmoja anazima redio yake, mwingine anabeba viti. Mama mmoja wa chumba cha pili aliingia na ndoo ya maji akaniinamia, “Poleni sana. Nani?”

“Caroline, binti yake.”

“Maskini, yule mgonjwa? Amefariki lini?”

Moza akainua uso. “Tarehe kumi na nne Agosti.”

Yule mama akahesabu, tulikuwa Novemba. “Miezi mitatu jamani! Mbona hamkusema?”

“Mwaka elfu mbili kumi na nane,” Moza akasema.

Yule mama akaitua ndoo chini.